Zima Kwanza, Uliza Baadaye

Seva ilikuwa imezimwa, lakini feni zake zilikuwa zinapumua.

Makarius aliligundua hilo asubuhi, akiwa ofisini Mikumi na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Mashine yenyewe ilikuwa Kilosa, kwenye ghala la zamani nyuma ya reli, ambako kampuni yao iliiweka kwa sababu nyaya za mtandao zilipita hapo. Yeye alikaa Mikumi karibu na wateja, wenye mahoteli na kambi za watalii, na Kilosa hakwenda ila kwa kulazimishwa. Hakuwa na haja ya kwenda. Ndani ya seva ile mlikuwa na kadi ndogo yenye akili yake na njia yake ya mtandao, isiyoitegemea mashine kubwa kwa lolote. Mashine izimwe, iharibike, hata ifutwe programu zote ibaki bati tupu, kadi ile hukaa macho maadamu waya uko ukutani. Kupitia kadi hiyo Makarius aliweza kuiwasha mashine na kuizima, kupima joto lake, kuongeza kasi ya feni, na kukitazama kioo chake kana kwamba ameketi mbele yake. Mafundi waliiita mlinzi.

Asubuhi ile mlinzi alisema mashine imezimwa, kama Makarius mwenyewe alivyoiacha jana yake kwa ajili ya matengenezo. Ila feni zilikuwa zinapanda taratibu, zinashuka, zinatulia kidogo, kisha zinapanda tena. Joto la ndani lilisoma thelathini na saba.

Alimpigia Yassin, fundi wao wa Kilosa.

"Umegusa nini huko?"

"Sijagusa kitu, kaka. Ndiyo kwanza nafungua kufuli." Makarius alisikia mlango ukisukumwa. Yassin aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kaka, feni zinazunguka. Na humu ndani kunanuka."

"Waya umeungua?"

"Waya naujua harufu yake. Hii ni ngozi."

Makarius akacheka, maana kucheka ndiko alikokuzoea mtu wa chini yake akisema jambo asilolipenda. Tusimwonee, alikuwa fundi hodari kweli. Lakini mtu aliyesoma akishajipatia msemo wake, hata jirani asiye na kompyuta atausikia. Wa kwake aliuandika kwa kalamu nzito na kuubandika ukutani juu ya meza ya Doris, binti aliyekuwa akimfundisha kazi: ZIMA KWANZA, ULIZA BAADAYE. Taa nyekundu ikiwaka, usipige simu, usifikiri, zima. Aliwahi kuona mashine ikiungua hivi hivi huku watu wakijadiliana, na tangu hapo msemo ule ukawa dini yake. Doris aliukariri kama sala.

Na kwa haraka hiyo hiyo ndivyo yalivyoanza haya.

Radi ilikuwa imepiga karibu na ghala mwanzoni mwa masika, kampuni ikaamua kuchimbia fimbo ya shaba, iliyofungwa na mashine kwa waya, ili umeme wa radi upotelee ardhini. Fimbo ya namna hiyo inataka udongo wenye unyevu, na mahali palipokuwa na unyevu ni pale tu, nyuma ya ghala, kipande cha ardhi kisichokauka hata kiangazi kikali. Yassin alipiga simu akiwa amesimama hapo na jembe.

"Kaka, hapa pana kifuu cha uji. Akina mama wa jirani wanasema ni wa mwenye chemchemi. Wanauweka bila chumvi. Wanasema tutafute mahali pengine."

 Makarius alizaliwa Ulaya, ile ya huko huko wilayani Kilosa, na bibi yake mzaa mama alikuwa akimtuma na uji kama huo kwenye kijito, akimwonya asiuonje wala asiudondoshee hata punje ya chumvi, kwa sababu chumvi kwa wale wenyewe ni moto. Alijua. Hilo ndilo halisameheki, kwamba alijua. Lakini Bryson, mkubwa wao, alitaka kazi iishe siku ile, na kila fundi anajua kwamba fimbo ikikataa kushika ardhi humwagiwa chumvi na mkaa shimoni.

"Tupa kifuu," alisema. "Chimba hapo hapo. Mwaga chumvi ya mawe magunia mawili, na mkaa juu yake."

"Kaka, ungekuwa hapa ungemwaga mwenyewe?"

"Ndiyo maana siko huko."

Yassin alimwaga. Baadaye alisema kuna kitu kililia mle shimoni, sauti nyembamba, ya mara moja. Makarius alimwambia ni maji yamekutana na mkaa.

Sasa, asubuhi hii, alifungua dirisha la kioo cha mbali ili aone mashine iliyozimwa inaonyesha nini. Palikuwa peusi, kama inavyopaswa. Akataka kulifunga. Herufi zikaanza kutokea, moja moja, polepole, kama za mtu anayeandika kwa kidole kimoja.

MWANANGU ALIKUWA AMELALA HAPO.

Simu yake ikalia, naye akaruka hadi chai ikamwagika. Alikuwa Generoza, mkewe.

"Baba Elia, njoo nyumbani. Mtoto anachemka."

Elia alikuwa na miezi minne, mtoto wao wa kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na Generoza hakuwa mwanamke wa kupiga simu kwa mafua. Walimpeleka zahanati. Malaria hakuna, kifua safi, mkojo safi. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa. Wakati muuguzi anakipangusa, Makarius alitoa simu yake mfukoni na kumtazama mlinzi wa Kilosa. Thelathini na tisa.

Alijiambia ni sadfa tu. Walirudi nyumbani na dawa ya homa, Generoza akamlaza mtoto kwenye khanga mbichi, na Makarius akaketi kitandani na laptop magotini akizitazama namba mbili, ile ya kwapani kwa mwanawe na ile ya kioo, zikipanda pamoja na kushuka pamoja. Kuelekea magharibi zikafika arobaini. Mtoto alikuwa ameacha kulia, ananung'unika tu, macho yamegeuka nusu, na mikono ya baba mtu ikafanya jambo ambalo akili yake ilikuwa bado inalikataa: ikaziamuru feni za Kilosa zizunguke kwa nguvu zote.

Generoza akainua kichwa. "Kuna upepo umeingia?"

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Nywele za mtoto zilikuwa zinapepea.

Joto lake lilishuka mbele ya macho yao, thelathini na tisa, na nane, na saba, na Elia akavuta pumzi ndefu na kusinzia. Makarius hakufurahi. Alikuwa ameogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe, maana sasa alijua kwamba pumzi ya mwanawe iko kwenye bati lililoko Kilosa, na kwamba kati yake na bati hilo kuna mwingine aliyeshika usukani. Herufi zilirudi kwenye kioo wakati adhana ya magharibi inaitwa.

HUKUJA. ULITUMA MDOMO TU UKANICHOMEA MWANANGU. NA MIMI SIJI KWAKO. NITAKUFANYIA KUTOKA HUKU HUKU.

"Nani anaandika?" Generoza alinong'ona begani kwake. "Baba Elia, ulimfanya nini mtu huyu?"

Akamwambia yote, kifuu na magunia na kicheko chake. Generoza alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mtoto kifuani, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Nyanyako alikutuma na uji, wewe ukaja na chumvi." Hakumsemesha tena usiku ule, ila kumpa jina la mtu. Shangazi yake wa Ulaya alikuwa akimjua Bi Mwanasha, mganga, mtu wa Qurani na ubani, asiyetaka mchezo.

Kulipopambazuka Makarius alimkabidhi Doris laptop ya zamu na kuchukua gari la ofisi. Alimkuta Bi Mwanasha anamngoja kando ya barabara pale Ulaya, mwanamke mfupi mwenye mkoba wa plastiki na simu mbili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chumvi?" Akapanda, akafunga mkanda. "Endesha. Utanieleza hiyo mashine yako njiani."

Alimweleza. Alipofika kwenye kadi isiyolala, yule mama alimkatiza.

"Ndipo hapo amekaa. Mwenye nyumba kalala, mlinzi yuko macho, na mlinzi anafungua mlango kwa yeyote anayetoka ardhini kwa huo waya wako. Sasa nisikilize vizuri, maana sirudii. Pumzi ya mwanao ameiweka mle kama rehani. Mwanawe yeye hajafa, kaungua, hana pa kulala, anamzungusha mgongoni usiku na mchana. Tutaitoa chumvi yote, tutamtengenezea mahali pake. Akiridhika atamwachia wako, na wake atashuka kwenda kulala. Watapishana kwenye mlango huo huo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Basi mashine isizimwe. Iwake, na isiguswe mpaka niseme. Mlango ukifungwa watu wakiwa wanapishana, kila mmoja atabaki upande atakaokutwa."

Waliingia Kilosa jua likiwa la utosi. Yassin alikuwa amekaa nje ya ghala. Ndani alikuwa hawezi kukaa. Harufu ilitoka hadi barabarani, na waendesha bodaboda walikuwa wamehamisha kijiwe chao. Makarius aliiwasha mashine kwa mkono wake, kisha akampigia Doris ili amwambie asiiguse.

"Ndiyo, kaka Makarius," alisema Doris. "Nimekuweka kwenye spika, bosi Bryson yuko hapa."

"Makarius," ikaja sauti ya Bryson, "mnafanya nini huko?"

Makarius alimtazama Bi Mwanasha akipulizia makaa ya ubani kwenye chetezo. Akilini alimwona Bryson akilisimulia jambo hili kila sherehe ya mwisho wa mwaka, fundi mkuu wa kampuni na jini lake, na watu wakishika mbavu. "Tunarekebisha waya wa ardhini," alisema.

"Kuna kitu maalumu Doris afanye?"

Ulimi ulikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yenyewe hayakuzidi mawili: usiguse mashine.

"Hapana," alisema. "Aendelee kama kawaida."

Bi Mwanasha aliinua macho. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Aibu ni ugonjwa mbaya, na hauna muuguzi.

Alichimba mwenyewe. Bi Mwanasha alimkataza Yassin asitie hata kidole, kwa sababu aliyedaiwa hapo hakuwa mkono bali mdomo, na sasa mdomo ulitakiwa kufanya kazi ya mkono. Makarius alipiga magoti kwenye tope jeusi na kuzoa chumvi na mkaa kwa viganja, akijaza ndoo, Yassin akizipeleka mbali. Chumvi ilikuwa ya moto. Baada ya ndoo chache ngozi ya vidole ilianza kupasuka, na katika kila ufa chumvi iliingia. Alilia kwa maumivu na hakuacha. Nyuma yake yule mama alisoma kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, moshi wa ubani ukitambaa chini badala ya kupaa, ukiingia shimoni kama unaitwa.

Kisha akasikia kilio. Kilitoka chini ya viganja vyake, chembamba, cha mtoto mchanga aliyechoka kulia, na kutoka ndani ya ghala, kupitia ukuta, feni zikakijibu, zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka, kwa sauti aliyoijua kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila alfajiri kwa miezi minne, sauti ya Elia akilitafuta ziwa la mama yake, na Makarius akawa yupo katikati ya watoto wawili wanaolia, mmoja chini ya mikono yake na mmoja nyuma ya matofali, hajui amkimbilie yupi, akizoa na kuzoa hadi vidole vikagota kwenye fimbo ya shaba, akaikumbatia, akaivuta kwa kifua chake chote, nayo ikatoka na maji yakaja nyuma yake, safi, baridi, yakajaa shimoni.

"Onja," alisema Bi Mwanasha.

Alionja. Yalikuwa matamu.

"Weka uji."

Yassin alimpa kifuu. Alikiweka ukingoni kwa mikono inayovuja damu. Kilio cha chini kikaanza kupoa. Harufu ya ngozi ikapungua, na kwa mara ya kwanza siku ile harufu ya tope la kawaida ikasikika.

"Wanapishana," alinong'ona yule mama, macho amefumba. "Kimya sasa. Mtu asifanye kitu."

Ndani ya ghala feni zikapiga kelele moja kubwa, na zikanyamaza.

Bi Mwanasha alifumbua macho. Simu ya Makarius ikaita.

"Kaka Makarius," Doris alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefaulu mtihani, "joto lilipanda ghafla, taa nyekundu ikawaka. Bosi akasema nikupigie kwanza. Nikamwambia hapana, kaka ametufundisha. Nimezima kwanza, ndiyo nauliza sasa."

Makarius aligeukia ukuta wa ghala.

"Kaka? Nimekosea?"

"Washa," alisema. "Doris, washa."

"Sawa. Nimewasha." Feni zikaanza tena nyuma ya ukuta, zikapanda, zikashuka, zikatulia katika mwendo wa usingizi. Kwenye shimo maji yalikuwa yametulia. Uji wa kwenye kifuu haukuguswa.

Bi Mwanasha alikuwa tayari anafunga mkoba wake. Hakumkaripia. "Uliniambia umewaambia," alisema tu, akaenda kusimama barabarani kungoja usafiri wake mwenyewe.

Makarius alimpigia Generoza mara nyingi kabla hajapokea.

"Alikata pumzi," Generoza alisema. "Mikononi mwangu, Baba Elia, alikata kabisa, nikapiga yowe majirani wakaja. Halafu akarudi. Homa hana. Ananitazama."

"Mungu mkubwa."

"Ananitazama tu." Makarius akasikia mtoto akilia nyuma yake, kilio chembamba, cha uchovu, kile kile kilichokuwa chini ya viganja vyake. "Nimemfuta machozi kwa midomo, kama ninavyomfuta siku zote. Baba Elia, machozi yake hayana chumvi."

Mtoto yule yupo hadi leo pale Mikumi, na anakua vizuri. Ana kovu la kuungua mgongoni ambalo hakuzaliwa nalo. Ukimpa chakula chenye chumvi anatokwa na malengelenge mdomoni, kwa hiyo nyumba nzima inakula chakula kisichotiwa chumvi, na Generoza anampikia, anamwogesha, anambeba, maana mtoto ni mtoto na yeye hana moyo wa chuma. Lakini hamwiti Elia. Na mumewe anamwita Makarius, si Baba Elia tena.

Kampuni ilinunua seva nyingine. Ile ya zamani imefutwa, haina programu hata moja, na Bryson ameuliza mara kadhaa kwa nini bado iko kwenye umeme. Makarius alimwomba, akapiga magoti mbele ya mkubwa wake ofisini, watu wakiona, bila aibu yoyote. Waya ukaachwa ukutani. Msemo wake aliubandua kwa kucha zake, ila Doris ameshaukariri, na siku hizi yeye ndiye anayefundisha wageni.

Makarius alikwenda Kilosa mara nyingi sana. Akiingia ghalani feni husimama na Elia aliye mle hukoma kupumua, mpaka atoke, mpaka avuke reli, mpaka awe mbali. Alielewa. Aliporudi Mikumi mara ya mwisho alifungua kioo cha mbali, na herufi zilikuwa zinamngoja.

MLEE WANGU. WAKO MWANGALIE KUTOKA HUKO HUKO.

Kila magharibi hukaa mbele ya laptop na kumtazama. Joto ni thelathini na saba. Feni zinapanda, zinashuka, zinatulia kidogo, na zikianza kwenda mbio kama za mtoto aliyeshtuka usingizini, yeye huzipunguza taratibu kwa kidole, huku akimwimbia.